Siku Yetu Katika Mapango ya Wabudha

Wapendwa akina mama, wengi wenu mmewahi kukaa nje ya wodi mkimngojea mgonjwa. Mnajua jinsi saa moja inavyoweza kuwa ndefu kuliko usiku mzima. Hii ni habari ya siku moja ya namna hiyo. Sisi wawili, muuguzi na mama wa mgonjwa, tuliipitisha mbali sana na nyumbani kwetu Nsemulwa, tena mahali ambapo hatukutegemea kamwe kufika.

Ilikuwa Novemba 2013, mwaka mmoja na ushei tangu mkoa wetu wa Katavi utengwe na Rukwa. Binti wa mwenzetu kanisani, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Milango miwili ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Alikuwa hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi bombani bila kukaa chini njiani. Wakati ule wagonjwa wengi wa namna hiyo walipelekwa India. Akina mama wa kanisa walichanga, wengine kwa kuuza mahindi, wengine kwa kuuza asali ya miyombo yetu, na ndugu wa Dar es Salaam wakaongezea. Sisi tuliombwa kumsindikiza mgonjwa kwa sababu ya kazi yetu ya uuguzi. Tukapanda treni ya Mpanda hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, kisha ndege hadi Mumbai.

Tulipofika, madaktari walimpima wakakuta ana homa kidogo. Wakasema operesheni haiwezi kufanyika mpaka homa iishe. Zikapita siku tisa. Hatimaye tukaambiwa kwamba upasuaji utakuwa siku ya Alhamisi. Mgonjwa alilazwa kwa maandalizi, nasi tukaruhusiwa kumwona jioni tu.

"MAMA, NENDA UKAONE"

Katika nyumba ya wageni tulikofikia walikuwapo Waafrika wengi wenye shida kama yetu. Mmoja wao alitueleza kwamba yuko mwongoza watalii anayewatembeza wageni katika mapango ya zamani ya Wabudha yaitwayo Kanheri, na kwa bei wanayoimudu watu kama sisi. Tulicheka tu. Nani ana moyo wa kutalii wakati mtoto anasubiri kisu?

Lakini binti alipoisikia habari hiyo jioni, macho yake yaling'aa. Alikuwa amekaa siku kumi akitazama ukuta mmoja. Akasema, "Mama, nenda ukaone, uje unisimulie. Mimi siwezi kupanda ngazi. Nyinyi mnipandie."

Usiku ule mama yake hakulala. Alfajiri alituuliza, "Sista, tutaendaje kwenye nyumba ya masanamu zimebaki siku mbili mwanangu apasuliwe? Mungu akikasirika je?"

Hatukumkebehi, maana swali lake lilikuwa la haki. Tulisoma naye Matendo ya Mitume sura ya 17, habari za Paulo kule Athene. Tulimwonyesha kwamba Paulo alizunguka mji ule na kuzitazama madhabahu za watu kwa makini kabla ya kusema nao. Kutazama si kuabudu. Hatutawasha ubani wala hatutainama. Tutavua viatu panapotakiwa, kama tunavyovua tunapoingia nyumbani kwa jirani. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi twende, kwa ajili yake. Lakini mimi nitaomba njia nzima." Tukakubaliana hivyo.

NDANI YA BEHEWA LA WANAWAKE

Treni za mjini Mumbai zina mabehewa ya wanawake peke yao. Tulisukumwa ndani kama magunia, lakini mara tu treni ilipoondoka, mama mmoja alijibana ili mwenzetu apate pa kukaa. Wengine walikuwa wakichambua mboga za jioni humo humo, wengine wakisuka nywele. Ingawa hatukujua lugha yao, tulijiona kama tuko kwenye mkutano wa akina mama.

Tulishuka kituo cha Borivali, kaskazini ya jiji. Mwongozaji wetu alikuwa akitungoja, mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiingereza kizuri. Alitusalimu kwa heshima akituita "tai". Tulitazamana. Kwetu tai ni ndege anayezunguka juu ya mzoga! Alipoona tunacheka, alitueleza kwamba kwa Kimarathi, lugha ya kwao, neno hilo maana yake ni dada mkubwa. Kuanzia hapo tulitembea kama ndugu. Yeye alieleza kwa Kiingereza, nasi tukamfasiria mama kwa Kiswahili.

Mapango ya Kanheri yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 104 tu, ukilinganisha na 4,471 za Katavi yetu. Ajabu ni kwamba imezungukwa na jiji la mamilioni ya watu, na ndani yake wamo chui. Kutoka langoni basi lilitupeleka karibu kilomita sita kati ya miti. Kwenye mapango tulipokelewa na tumbili, na mmoja alimnyang'anya mama ndizi aliyokuwa ameificha ndani ya kitenge. Mama akasema, "Hili la kwanza la kumsimulia."

NYUMBA ZILIZOCHONGWA NDANI YA JIWE

Tulidhani tutaona mapango kama yale ya milimani kwetu, ambayo hayakuchimbwa na mtu. Sivyo. Kanheri ni mlima mmoja wa mwamba mweusi, na ndani yake watu wamechonga mapango zaidi ya 100 kwa nyundo na patasi. Kazi ilianza yapata karne ya kwanza kabla ya Kristo, ikaendelea hadi karne ya 10 baada yake. Yaani Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu, tayari watawa walikuwa wakiishi hapo.

Mwongozaji alitueleza kwa ufupi Budha ni nani. Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama, mwana wa mtawala, na alizaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, kama karne tano kabla ya Kristo. Wabudha husimulia kwamba alilelewa katika raha, asijue taabu. Siku moja akatoka, akamwona mzee, halafu mgonjwa, halafu maiti, na mwisho mtawa aliyetulia. Akaiacha nyumba ya baba yake ili atafute kwa nini binadamu anateseka. Mama aliposikia hayo aliuliza, "Kwa hiyo alianza kwa kumwona mgonjwa?" Mwongozaji akasema ndiyo. Mama hakusema zaidi.

Pango kubwa, lenye namba 3, ni ukumbi wa ibada wenye urefu wa karibu mita 26. Ndani zimo nguzo 34, zote zimeachwa katika mwamba ule ule, hakuna hata moja iliyoletwa kutoka nje. Juu ya baadhi yake wamechongwa tembo. Mwisho wa ukumbi liko kuba la jiwe liitwalo stupa, ambalo ni ukumbusho wa Budha. Barazani wamesimama Budha wawili, mmoja kila upande, kila mmoja kama mita saba kwenda juu. Tulisimama kimya, tukiwa wadogo kama panzi.

Kilichompendeza zaidi mama ni sanamu za wanaume na wanawake karibu na mlango, wanaodhaniwa kuwa ndio waliotoa fedha za kazi ile. Wake wamevaa bangili nyingi na hereni nzito, nao wamesimama sambamba na waume zao. Katika kuta za mapango kuna maandishi mengi ya kale yanayotaja waliotoa sadaka. Wamo wafanyabiashara wa miji ya pwani kama Sopara na Kalyan, wamo mafundi wa vyuma, wamo watawa wa kike na wanawake wa kawaida. Tulikumbuka daftari letu la michango kanisani, ambamo yameandikwa majina ya waliotoa debe la mahindi na waliotoa shilingi elfu moja. Tukaona kwamba kila mahali watu hawapendi kumsahau aliyejitolea.

Tuliendelea kupanda. Ngazi zimechongwa katika jiwe, nyembamba, zimelika kwa nyayo za miaka mingi. Mama alikuwa akizihesabu kwa sauti ili ampelekee binti hesabu kamili. Alipofika mia mbili na kitu alipotewa, akaanza upya. Vyumba vya watawa ni vidogo, kila kimoja kina kitanda cha jiwe. Mama alipapasa kitanda kimoja akasema, "Hospitali wametuwekea godoro, na bado tunalalamika."

MAJI YALIYOWANYIMWA WATU

Jambo lililotushangaza sisi watu wa Nsemulwa, tunaojua maana ya foleni ya ndoo, ni maji. Karibu kila pango lina tangi lake lililochongwa chini ya mwamba. Juu ya mlima kuna mifereji myembamba inayoyakusanya maji ya mvua na kuyaelekeza humo. Mvua za Mumbai hunyesha kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, kisha ukame hufuata. Watawa waliteka maji ya miezi minne wakayatumia mwaka mzima. Siku ile, baada ya miaka elfu na zaidi, matangi mengine yalikuwa bado yamejaa.

Hapo mwongozaji alikaa chini kando ya tangi, akatueleza habari zake. Wazazi wa wazazi wake walikuwa katika watu walioitwa najisi. Hawakuruhusiwa kuteka maji katika visima vya wengine. Tarehe 20 Machi 1927, kiongozi wao, Dakta B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyetoka katika watu hao hao, aliwaongoza maelfu hadi kwenye bwawa la mji wa Mahad. Akainama, akateka maji kwa mkono, akanywa, na wote wakanywa. Baadaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Kibudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu, kwa kuwa aliona haimbagui mtu kwa kuzaliwa kwake. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Bibi yake mwongozaji alikuwamo katika umati ule wa Nagpur. "Bibi alituambia," alisema, "kwamba siku ile alirudi nyumbani akiwa mtu."

Tulimfasiria mama maneno hayo polepole. Tukamkumbusha mwanamke Msamaria kisimani, katika Yohana sura ya 4, na jinsi Bwana alivyomwomba maji mtu ambaye wengine hawakutaka kushiriki naye chombo. Mama alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe kiu ni moja."

LILILOKUWA MOYONI

Mwongozaji alipokwenda kutununulia chai, tulibaki wawili kando ya maji. Ndipo mama alipouliza swali alilolibeba kutoka Mpanda. "Sista, niambie kweli. Ni kosa langu?"

Alisimulia kwamba mtoto alipokuwa na miaka saba aliumwa koo mara kwa mara. Alimsukutua kwa maji ya chumvi, akapona. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha viwiko. Majirani wakasema amerogwa, na miezi mingi ikapita kwa waganga.

Tungeweza kumwambia asiwaze hayo, yakaisha. Lakini tulijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kabla ya magoti kuvimba, mtoto yule aliletwa mara moja katika zahanati moja, na sisi ndio tuliokuwa zamu. Foleni ilikuwa ndefu. Hatukumtazama kooni kwa taa. Tulimpa vidonge vya maumivu tukamrudisha nyumbani. Tulilikumbuka tulipoliona jina lake katika cheti cha rufaa, na tulilinyamazia miezi yote ile huku tukisifiwa kanisani kwa kujitolea kumsindikiza.

Tulimweleza yote. Hatukujitetea kwa wingi wa wagonjwa.

Mama aliyatazama maji kwa muda mrefu. Tulidhani atasimama aende zake. Mwisho akasema, "Ulikuwa hujamwona. Sasa umemwona. Usiache kumwona." Hakusema kwamba ametusamehe, wala hatukumwomba aseme. Aliinuka, akaanza tena kuhesabu ngazi za kuteremkia.

UKUMBI USIO NA NGUZO

Saa nane mchana tulipanda bajaji hadi Gorai, tukavuka maji kwa mashua hadi kwenye pagoda kubwa ya rangi ya dhahabu iitwayo Global Vipassana Pagoda. Ilifunguliwa mwaka 2009 na Rais wa India wa wakati huo, mama Pratibha Patil. Kule Kanheri tuliona nguzo 34 katika ukumbi mmoja. Hapa ukumbi hukaa watu 8,000 na hauna nguzo hata moja. Mawe ya kuba yameshikana yenyewe kwa yenyewe. Wageni huutazama kupitia kioo, maana ndani watu wamekaa wakitafakari kimya.

Mama alishangaa. "Hakuna anayeimba? Hakuna anayemwita Mungu?" Tulimweleza kwamba wao hutafuta utulivu kwa kuichunguza nafsi, nasi tunaye wa kumwita. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana, na hatukuona haja ya kulificha wala kuwadharau. Nje ya kile kioo mama aliomba kwa sauti ya chini, kwa Kikonongo, akamtaja mwanawe kwa jina. Mwongozaji alisogea pembeni akasubiri mpaka amalize.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa kando ya kitanda. Binti alitaka kila kitu. Mama alimwigiza tumbili na ndizi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. "Na ngazi ni ngapi?" aliuliza. Mama akamjibu, "Zimenishinda. Utakuja kuzihesabu mwenyewe."

Alhamisi upasuaji ulichukua karibu saa tano. Mlango mmoja wa moyo ulitengenezwa, wa pili ukabadilishwa. Siku ya sita baadaye alipanda ngazi kumi za wodi, huku mama akihesabu.

Tuliporudi Dar es Salaam tulingojea treni siku mbili. Ndipo tulipojua kwamba hata hapo kwetu lipo hekalu la Kibudha, lililoanzishwa mwaka 1920 na Wasinghala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Uani pana mti wa bodhi, jamii moja na mikuyu yetu. Tulikuwa tumekwenda mbali kuwaona watu ambao tulikuwa tukipita karibu nao.

TUNAWAOMBA AKINA MAMA

Leo binti yule ni mtu mzima na fundi cherehani. Humeza kila siku dawa ya kuzuia damu isigande, na hupimwa damu kwa vipindi. Lakini ugonjwa wake ungeweza kuzuiwa. Kwa hiyo tunawaomba mkumbuke haya:

1. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo pamoja na homa, hasa kama hana mafua wala kikohozi, mpeleke kituo cha afya. Akipewa penisilini au dawa nyingine ya kuua vijidudu, amalize dozi hata kama amepona.

2. Wiki mbili hadi nne baada ya koo kuuma, angalia kama viungo vinavimba kimoja baada ya kingine, au mtoto anahema haraka, au mikono inamchezacheza bila kupenda. Hiyo si kulogwa. Inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu moyo.

3. Akiandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, asikose hata moja. Huweza kuendelea kwa miaka mingi.

4. Msichana mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kubeba mimba.

5. Siku hizi si lazima kwenda ng'ambo. Tangu mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inawapasua wagonjwa wengi wa moyo hapa hapa nchini.

Na wewe muuguzi mwenzetu usomaye haya, hata foleni ikiwa ndefu, washa taa umtazame mtoto kooni. Sisi tangu siku ile hatujamrudisha mtoto mwenye koo bila kumtazama, na kila tunaposhika taa tunayasikia maneno ya mama yule kando ya maji ya Kanheri.

Mungu awabariki, na awalindie watoto wenu.